Sanduku la Mazao Juu ya Pikipiki

  Leo sitazungumza juu ya mbegu, wala mbolea, wala wadudu waharibifu. Nataka tuzungumze juu ya safari ya mazao yetu kutoka shambani mpaka sokoni. Maana mkulima anaweza kulima vizuri, akapalilia kwa wakati, akavuna kwa wakati, kisha jasho lake lote likamwagika katika kona moja ya njia.

Zamani mzigo tuliubeba kichwani, au juu ya punda, au nyuma ya baisikeli. Siku hizi, tangu miaka ya 2000, pikipiki zimeingia mpaka vijiji ambavyo gari halifiki. Ni jambo jema. Lakini pikipiki ilipotengenezwa kiwandani ilipimiwa watu wawili, haikupimiwa matenga ya nyanya. Kwa hiyo sisi wenyewe tunaiongezea keria, tunachomelea chuma hapa, tunafunga mipira pale, halafu tunamwomba Mungu.

Mimi ni mkulima wa milimani, huku Usambara, upande wa Lushoto. Wanaojua njia ya kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo wanajua kona zake. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa, tambarare ya joto. Lakini hiyo ni barabara ya lami. Kazi kubwa iko kabla ya lami, katika vijia vya kutoka shambani, ambavyo mvua ikinyesha huwa kama sabuni.

Sasa nitawasimulia jambo lililonipata, wala sioni haya kulisema, ili mwenzangu asirudie kosa langu.

Nilikuwa na shamba la nyanya ng'ambo ya bonde, na pikipiki moja ambayo mpwa wangu alikuwa akiiendesha. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia, "Fundi, nitengenezee sanduku kubwa la kubebea nyanya." Akaniuliza, "Kubwa kiasi gani?" Nikamjibu, "Kubwa tu, uwezavyo." Basi, kijana wa watu akafanya alivyoambiwa. Akatengeneza sanduku la mabati na chuma kizito, akalichomelea juu ya keria, nyuma kabisa, ili mbele ibaki nafasi ya abiria. Nikalipia, nikafurahi. Niliona nimepata gari.

Wiki tatu lilifanya kazi. Wiki ya nne, alfajiri, kijana alikuwa akipanda mlima na kreti mbili za nyanya. Katikati ya mwinuko gurudumu la mbele likainuka. Akajaribu kukata kona, usukani ukageuka lakini pikipiki haikugeuka. Wakaenda kando ya njia, yeye na pikipiki na nyanya. Nyanya zilifika korongoni. Yeye akavunjika mtulinga.

Nilikaa naye hospitali siku mbili. Siku ya kwanza nilimlaumu yeye kwa mwendo. Siku ya pili nikailaumu njia. Niliporudi nyumbani nikaitazama ile pikipiki, nikaona keria imepasuka mahali ilipochomelewa, na kutu imekwisha ingia ndani ya ufa. Maana yake ufa ulikuwako siku nyingi, na mimi sikuutazama. Hapo nikaacha kumlaumu mtu mwingine. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ule niliuona mwepesi kwa sababu si mimi niliyeubeba.

Ndugu wakulima, tangu hapo nimejifunza, kwa kuuliza mafundi na kwa kupima mwenyewe. Na jambo kubwa nililojifunza ni hili moja: swali la kwanza la sanduku si ukubwa wake. Swali la kwanza ni uzito utakaa wapi.

Chukua jembe, ulitie begani, utundike kikapu cha mahindi mwishoni, nyuma yako. Sogeza kikapu nyuma zaidi. Je, mkono wako wa mbele hauvutwi juu? Kikapu ni kile kile, mahindi ni yale yale, lakini kadiri kinavyokwenda nyuma ndivyo unavyolazimika kulikandamiza jembe mbele. Pikipiki ni hivyo hivyo. Bega ni ekseli ya nyuma. Mkono wako ni gurudumu la mbele, lile linaloongoza njia.

Tuhesabu kidogo. Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma ni sentimita 120. Umefunga sanduku, na katikati yake iko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umetia mzigo wa kilo 40. Zidisha 40 kwa 30, unapata 1,200. Gawanya kwa 120, unapata 10. Kilo 10 zimeondolewa katika gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma sasa halibebi kilo 40, linabeba kilo 50. Ukitia kreti mbili, yaani kilo 80, unaondoa kilo 20 mbele. Na hiyo ni njia tambarare. Ukipanda mlima, mzigo unalalia nyuma, na kama umerundikwa juu juu ni mbaya zaidi. Gurudumu la mbele linagusa ardhi kwa adabu tu, halishiki. Ndiyo maana kijana wangu aligeuza usukani na pikipiki isigeuke.

Lakini mzigo ule ule ukikaa juu ya ekseli ya nyuma kabisa, hauondoi kitu mbele. Ukikaa mbele yake kidogo, hata gurudumu la mbele linapata sehemu yake. Wasafiri wanaovuka nchi kwa pikipiki wanalijua jambo hili. Watazame wakipita: vitu vizito wamevitia katika masanduku mawili ya ubavuni, chini, moja kila upande, na nyuma juu wameweka vitu vyepesi kama nguo.

Haya, sasa tuingie katika kazi yenyewe. Aliye na kalamu na aandike.

Kwanza, jua pikipiki yako inaweza kubeba kilo ngapi. Soma kile kitabu kilichokuja nayo, au muulize muuzaji wa pikipiki za aina hiyo. Uzito unaotajwa mle ni wa vyote pamoja: mwendeshaji, abiria, sanduku na mzigo. Kwa mfano tu, kitabu kikisema kilo 150, na mwendeshaji ana kilo 65, na sanduku tupu pamoja na vyuma vyake ni kilo 15, mzigo uliobaki ni kilo 70. Si kilo 80. Wala usiseme kilo 10 si kitu. Afadhali safari mbili za salama kuliko moja ya korongoni.

Pili, tafuta mahali pa sanduku kabla ya kununua hata ubao mmoja. Simamisha pikipiki wima, mahali tambarare, mtu aishike. Chukua kamba, uifunge jiwe dogo, uiteremshe ubavuni mwa kiti mpaka jiwe lielekee katikati ya ekseli ya nyuma. Pale kamba inapopita juu ya kiti au keria, weka alama kwa chaki. Hiyo ndiyo alama yako. Katikati ya sanduku iwe juu ya alama hiyo au mbele yake, isiwe nyuma. Mwendeshaji akae mahali pake, kisha weka boksi tupu la karatasi lenye ukubwa unaoutaka, mtazame kama magoti, mgongo na mikono yake havisumbuliwi.

Hapo utaona jambo ambalo wengi hawalipendi: sanduku linakula nafasi ya abiria. Ndiyo, linakula. Mimi nililifunga nyuma ili nisiikose nauli ya abiria, na nauli ile nikailipa hospitali. Pikipiki ikibeba mazao, ibebe mazao. Kwa hiyo tutalifunga sanduku kwa bolti, tusilichomelee, ili siku ya abiria lifunguliwe libaki nyumbani.

Tatu, vipimo. Kreti nyingi za plastiki za sokoni zina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Basi tengeneza sanduku ambalo ndani yake ni sentimita 62 kwa 42, kina sentimita 33, ili kreti iingie na kutoka bila kugombana. Upande mrefu ulale kulia na kushoto, upande mfupi uende mbele na nyuma. Hivyo uzito hautasogea nyuma. Lakini pima usukani wako, sanduku lisiwe pana kuupita. Mahali mwendeshaji anapopita, sanduku nalo lipite.

Nne, mbao. Usitumie mninga wala mti mwingine mzito, uuweke kwa vitanda. Msonobari au mkabela uliokauka vizuri unatosha, ubao wa unene wa sentimita 2. Upige randa upande wa ndani, kwa sababu ubao wenye manyoya unachuna nyanya kama paka. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya kidole ili hewa ipite. Mazao yanapumua, ndugu zangu. Ukiyafungia ndani ya bati juani, yatafika yamechemka.

Tano, kitako cha chuma. Hapa ndipo penye roho ya kazi yote. Mwambie fundi atengeneze fremu ya chuma cha pembe chembamba, ikae chini ya sanduku, yenye miguu miwili kila upande inayoshuka mpaka kwenye fremu ya pikipiki. Miguu hiyo ifungwe mahali palipo na bolti za kiwandani, kama vile bolti za keria na bolti za juu za shokamsoba. Miguu isiishie kwenye madigadi, kwa maana madigadi kazi yake ni kuzuia matope. Tena isiishie kwenye kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, kwa sababu kile kinapanda na kushuka. Kama huna hakika, keti juu ya pikipiki uikandamize mara kadhaa, mwenzako atazame: kinachocheza usikifunge, kisichocheza ndicho cha kufunga.

Wala usikubali fremu ya pikipiki yenyewe ichomelewe. Bomba zake ni nyembamba, moto unazidhoofisha pale pale pembeni mwa mchomeleo, na ufa unaanzia hapo. Kitako kichomelewe kikiwa chini, mbali na pikipiki, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha ndipo kifungwe. Ikitokea ni lazima kuchomelea kitu karibu na pikipiki, kwanza betri ifunguliwe.

Sita, kufunga. Sanduku lishikwe na bolti nne za milimita 8, zile za spana namba 13. Ndani ya sanduku, chini ya kila kichwa cha bolti, weka washa pana ili kisizame katika ubao. Kati ya chuma na ubao weka vipande vya tyubu kuukuu. Mpira ule unapunguza mtikisiko, unazuia bolti kulegea, na hauli pesa. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, zisizofunguka ovyo. Kama huna, kaza nati mbili juu ya bolti moja, moja juu ya nyingine.

Saba, kabla ya kwenda barabarani, fanya majaribio haya matatu. Tia mzigo kamili, mwendeshaji akae. Mwenzako asimame mbele, ashike usukani, ajaribu kuinua gurudumu la mbele pole pole. Likiinuka kama kikapu kitupu, sanduku liko nyuma mno au mzigo umezidi. Pili, mwendeshaji aruke ruke kitini, mtazame tairi la nyuma lisiguse madigadi wala kitako. Tatu, simama nyuma hatua 20: je, unaiona taa ya breki? Unaziona indiketa? Namba inasomeka? Kama sanduku limezifunika, zisogeze. Na kila pembe ya nyuma ya sanduku bandika rifleta nyekundu. Sisi tunakwenda sokoni alfajiri, na dereva wa lori hawezi kukwepa asichokiona.

Nimemaliza habari ya kutengeneza. Sasa maneno machache juu ya kupakia.

Nyanya zisirundikwe kina kirefu. Kina cha sentimita 30 kinatosha, zaidi ya hapo za chini zinabeba mlima. Kreti moja iliyojaa ni kilo 35 mpaka 40, ipime mara moja kwa mizani ujue, usikisie. Funika kwa gunia safi lililoloweshwa maji na kukamuliwa, upepo wa njiani utazipoza.

Mayai yanakaa vizuri katika sanduku hili. Trei moja ya mayai 30 ni karibu sentimita 30 kila upande, kwa hiyo mafungu mawili yanaingia ubavu kwa ubavu. Pengo linalobaki jaza majani makavu au maranda, ili trei zisitembee. Yai halivunjwi na safari, linavunjwa na kugongana.

Maziwa ni jambo jingine. Lita moja ya maziwa ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, na tena ni mzigo unaocheza. Kopo lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana kwenye kona maziwa yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta. Jaza kopo mpaka karibu na shingo. Kama una makopo mawili, yatengenezee vikapu vya chuma viwili, kila ubavu kimoja, chini, uzito sawa kwa sawa. Na uwahi kituoni kabla jua halijapanda.

Jambo moja naomba mlishike sana akina mama na akina baba. Sanduku la chakula lisibebe dawa ya kunyunyizia mimea, wala petroli, hata siku moja, hata chupa imefungwa. Ubao unanyonya. Dawa ikivuja leo, wiki ijayo itakuwa ndani ya nyanya za watoto wa watu. Dawa itafutiwe ndoo yake yenye mfuniko. Na sanduku lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila baada ya soko.

Mwisho, utunzaji. Siku ya kwanza, baada ya safari ya kwanza, kaza bolti zote. Zitakuwa zimelegea, usishangae, mbao na mpira vimejikaza mahali pake. Baada ya hapo kila wiki, siku moja maalumu, pitisha kitambaa na macho katika kila mchomeleo. Ufa huanza mwembamba kama unywele, na alama yake ni mstari wa kutu. Ukiuona, pikipiki isiondoke. Mimi mstari huo ulinipita mbele ya macho kwa siku nyingi, nami nilikuwa nikihesabu fedha. Kadhalika tairi la nyuma lijazwe upepo kama kitabu kinavyosema kwa safari ya mzigo, na cheni na breki zitazamwe, maana kilo 70 zinachelewa kusimama.

Huenda mtu akasema, "Bwana, hayo yote ni gharama." Ni kweli, kuna gharama. Lakini tuko wengi. Wakulima watano wa njia moja wanaweza kuchanga wakatengeneza kitako kimoja na sanduku moja, wakazungusha kwa zamu siku za kuvuna. Na fundi akiisha tengeneza la kwanza, vipimo vinabaki, la pili ni rahisi zaidi. Sisi kijijini kwetu tuliweka vipimo vyetu juu ya ubao, ukutani kwa fundi, kila anayekuja anakuta.

Ndugu wakulima, nikumbushe kwa ufupi. Uzito ukae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake, usikae nyuma. Sanduku lifungwe kwa bolti kwenye fremu, mahali pasipocheza. Na macho yako yapite kwenye michomeleo kila wiki.

Yule mpwa wangu alipona. Mtulinga uliunga, ingawa siku za baridi bado unamuuma. Anaendesha tena, na sanduku alilofunga sasa alilipima mwenyewe kwa kamba na jiwe. Juzi nilimwambia aongeze kreti ya pili, kwa kuwa bei sokoni ilikuwa nzuri. Akaniambia, "Mjomba, ya pili nitaifuata." Akaenda na moja, akarudi, akachukua nyingine. Sikumjibu kitu.